Nyanya Wasioitwa

Jumatatu asubuhi Reine alifungua ofisi iliyo juu ya duka la sari, Ealing Road, Wembley, akawasha birika, akaiamuru kompyuta ianze kujenga programu, kisha akaenda dirishani kutazama basi likigombea njia na lori la mboga. Hakuwa na haraka. Tangu wiki iliyopita kompyuta ilikuwa ikifanya kazi kwa bidii mpaka karibu na mwisho, halafu inagoma, na Reine alishajua kwamba mgomo huo huja chai ikiwa imeshaiva.

Programu yenyewe haikuwa na makuu. Ilikaa kwenye simu za wahudumu wa kampuni moja inayotunza wazee majumbani, ikawaambia kila asubuhi wagonge mlango upi kwanza na upi baadaye, Woolwich, Kilburn na hapohapo Wembley. Lakini ilikuwa na lugha mbili, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Nusu ya zamani iliandikwa kwa C++, lugha kongwe ya kompyuta, na Mzee Mahendra, mzaliwa wa Kisumu, ambaye sasa amestaafu na kuhamia Leicester kwa mwanawe, na ambaye hapokei simu akiwa anacheza karata, naye hucheza karata mchana kutwa. Nusu mpya aliiandika Reine kwa Rust. Zote mbili zilipaswa kugeuzwa WebAssembly, yaani lugha ya tatu ambayo kivinjari cha simu yoyote huielewa, kisha ziunganishwe ziishi pamoja kama mke na mawifi zake: si lazima wapendane, ila meza ni moja.

Toleo la wateja, lile linalokwenda kwenye simu, lilijengeka bila taabu. Hilo huwa jepesi, maana kompaila, programu inayoyageuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya mashine, hulipitia na kutupa kila kipande ambacho hakuna anayekiita. Lililogoma ni toleo la ukaguzi, ambalo fundi hulifungua ofisini akitafuta kosa. Toleo la ukaguzi halitupi kitu. Kila kipande hubaki, kwa jina lake, hata kama hakitumiki na yeyote. Na Reine alilihitaji sana, kwa sababu wahudumu walilalamika kwamba simu zao, zikifika kwa mzee mmoja wa Woolwich, hugeuka nyeupe pe na kukataa kwenda mbele.

Tatizo la kwanza lilikuwa la majina. C++ ina tabia ya kuyavuruga majina ya watu: huyabandika herufi mbele na tarakimu nyuma ili yasigongane, na Rust ikija kuuliza jina kama lilivyo, inajibiwa kwamba mtu huyo hajulikani. Reine hakushangaa. Mama yake, Euphrasie, aliingia nchi hii kutoka Bukavu kupitia kambi ya Kigoma akiwa na jina moja tu, na kabla hajapata kadi ya maktaba alikuwa nayo manne, hakuna hata moja lililoandikwa sawa. Dawa yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ya karani na kusema, hili liandike lilivyo. Mzee Mahendra alikuwa ameweka amri ya namna hiyo juu ya mafaili yake yote, isipokuwa moja, faili liitwalo nyanya, ambalo toleo la wateja halikuligusa kamwe. Reine aliandika amri ile juu ya faili la nyanya, akajenga upya, akanywa chai.

Safari hii kompyuta haikugoma. Toleo la ukaguzi lilifunguka, zito, likitambaa, na Reine alipogeuka kutafuta sukari, kando ya mashine ya fotokopi alikuwa amekaa bibi mmoja wa Kihindi mwenye sari ya kijani na sweta la kijivu, mkoba umelala mapajani. Pembeni yake alikuwepo wa pili, mwenye buibui na tasbihi. Wa tatu alikuwa bado ameshika kijiti cha kusukumia chapati, na unga ulikuwa ukimdondoka kwenye zulia.

Reine aliwaamkia wote, wakaitikia. Wakaendelea kuja. Viti vilipokwisha walikaa juu ya masanduku ya karatasi, na masanduku yalipokwisha kioo cha kompyuta kikaandika kwamba kumbukumbu imejaa, programu ikaanguka, na ofisi ikawa tupu tena. Kwenye zulia ulibaki unga.

Alkesh, mwenye ofisi, alifika baadaye kidogo, akausoma ujumbe ule, akaukanyaga unga. Huyu alizaliwa Wembley kwa wazazi waliotoka Nakuru. Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu hujibu kwa lugha ya shule, Kiingereza. Reine alimweleza kwamba toleo la ukaguzi linahitaji kumbukumbu kubwa zaidi kwa sababu lina kina bibi wengi. Alkesh alisema aongeze, na akaomba tu wasikae karibu na soketi za umeme.

Kwa hiyo Reine alipandisha kiwango cha kumbukumbu kwenye mipangilio, kisha akashuka kwa muuza mithai wa chini akaazima viti vya plastiki. Alipoendesha tena, walikuja wote wakaenea, na yule mwenye sari ya kijani akarudi palepale kando ya mashine ya fotokopi, akasema kwamba mahali pale pana joto zuri la magoti.

Mpaka adhuhuri lile kosa la simu nyeupe likawa limepatikana. Halikuwa na mengi. Mzee Mahendra alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo vijana huicheka: hakuwaweka wazee kwenye jedwali, mstari kwa mstari, kama bidhaa za ghalani. Kila mzee alimwandikia kipande chake mwenyewe, kinachosubiri kuitwa kwa jina, na ndani yake akaweka tabia za mtu huyo: huyu chai kabla ya dawa, yule mapazia yafunguliwe nusu tu, fulani asiulizwe habari za kaka yake. Wanaume aliwaandika babu. Babu Aristide wa Woolwich ndiye aliyeangusha simu, kwa sababu maelezo ya jinsi ya kumpikia kahawa yalikuwa marefu kuliko nafasi aliyotengewa, yakamwagika kwa jirani. Reine alimpanulia nafasi. Kazi aliyotumwa ikawa imekwisha.

Angeweza kulifunga toleo la ukaguzi saa ileile. Lakini mtu aliyelelewa na Euphrasie hafungi kompyuta wageni wakiwa na vikombe mkononi. Alivuta kiti, akakaa karibu na yule mwenye sari ya kijani, akamuuliza kwa upole, "Koko, nani amekuleta huku?"

"Sijaletwa," bibi alisema. "Nimebaki. Kule kwingine tumetupwa."

Akasema jina lake ni Champa, mjane, wa Kisumu zamani na Kilburn sasa, ghorofa ya pili. Akamwomba Reine atazame kwenye kioo. Jina lake lilikuwa pale, kwenye lile faili, kwa mwandiko wa Mzee Mahendra: nyanya_champa. Chini yake nyanya_ummukulthum, na wengine wakifuatana.

Hapo Reine alisikia masikio yakimwaka. Kwao mama mzee ni koko, na nyanya ni zile zinazoingia kwenye mchuzi wa makayabu, samaki wa chumvi. Kambini Kigoma alikuwa akitumwa kwenda kuzinunua. Siku alipoanza kuandika nusu yake, alipoona nyanya_champa, alielewa kwamba ni nyanya za Champa, basi. Alidhani zamani wahudumu walikuwa wakiwafanyia wazee manunuzi ya sokoni, na kwa kuwa kampuni ilishaacha huduma hiyo, faili zima halikuwa na kazi tena. Aliwaita mababu wote kwa majina, kwa uangalifu, akaziacha nyanya. Ni kweli iliwahi kumpitia akilini kwamba wazee wote wa London walikuwa wanaume, lakini alishaona programu za ajabu zaidi ya hiyo.

Alimweleza Champa yote, bila kuficha.

"Nyanya sina, nanunua za mkebe," Champa alisema. "Nyanya ni mimi."

Yule mwenye buibui, ambaye ndiye Ummukulthum, mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa Woolwich, alicheka mpaka tasbihi ikamtoka mkononi. Alisema kwao zile za mchuzi huitwa tungule, na kama Reine angemuuliza mtu yeyote wa pwani, asingewafanya wanawake wazima kuwa kachumbari. Kikao kizima kikaangua kicheko, wa Nairobi wakimweleza wa Bunia, na Reine naye akacheka ingawa macho yalikuwa yamemlowa. Aliona aibu kweli. Aliwaomba radhi mmoja mmoja, nao wakampa.

Kisha akauliza mambo yamekuwaje tangu majaribio ya programu mpya yaanze, na kicheko kikapungua. Champa alivuta ukingo wa sari akaonyesha soksi nene za kubana miguu, ambazo daktari ameagiza azivae asubuhi na kuzivua usiku. Kuvua anaweza, kwa kung'ang'ana. Kuvaa hawezi, maana mgongo haupindi. Zamani mhudumu alikuwa akija, anagonga, anaita Nyanya Champa kupitia tundu la barua, anaingia anamvalisha. Sasa hagongi mtu, na miguu inavimba. Reine aliuliza mbona hakupiga simu kampuni.

"Nipige simu niseme nini? Kwamba leo sijaamkiwa? Salamu haiombwi, mama."

Jioni, nyumbani Woolwich, Reine alimkuta mama yake akikaanga ndizi. Akamtajia jina la Champa. Euphrasie alikuwa mmoja wa wahudumu hao, na ndiye aliyekuwa akigonga mlango ule.

"Ule koko wa Kilburn? Banamutosha ku telefone tangu majaribio," Euphrasie alisema, yaani wamemwondoa kwenye simu. "Mie nilipitaka kwake vile vile, kwa siri. Sasa wameniweka huku Woolwich kwa mababu tu. Kilburn ni mbali, siwezi tena. Weye fanya kitu."

Reine alifanya. Kesho yake aliketi na kuwaita nyanya wote, mstari kwa mstari, kwenye nusu yake ya Rust, huku wenyewe wakimsimamia na kumrekebisha tahajia. Akajenga toleo la wateja. Kompaila ilipita na panga lake, ikawakuta wanaitwa, ikawaacha. Programu iliongezeka uzito kidogo, kiasi ambacho simu isingesikia. Champa alitikisa kichwa kwa namna ile ya Kihindi inayomaanisha ndiyo, akampa Reine ganda la iliki kutoka mkobani.

Siku ya tatu ilikuwa ya furaha. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, Alkesh alisema, au alisema kitu kama hicho kwa lugha yake, na kina nyanya wakapewa simu za majaribio waikague programu. Walisema maandishi ni madogo, kengele ina kelele, na rangi ya kitufe cha kuthibitisha ni ya msibani. Wote walikuwa wakweli. Reine alirekebisha kila kitu, na aliyeshika kijiti akashuka kwa muuza mithai akapata jiko, chapati zikapanda ngazi zikiwa bado zinafuka.

Alhamisi alikuja Leena, meneja wa kampuni ya huduma, kupokea kazi. Alikuwa mtu mwema wa sura na wa tabia. Alileta donati. Alipita akishikana mikono na kila nyanya, akauliza habari za magoti, akaisifu chai, akakubali chapati na kuila yote. Alimkalisha vizuri Ummukulthum, aliyekuwa akiteleza kwenye kiti. Kisha akaketi mbele ya kioo, na Reine akamwonyesha mababu, na simu ya Woolwich isiyogeuka tena nyeupe, na mwisho akamweleza kosa lake la nyanya na jinsi alivyolisahihisha.

Leena alisikiliza hadi mwisho. Alisema anamshukuru Reine kwa ukweli wake. Ila majaribio, alivyoyaona yeye, yalikwenda vizuri mno. Ratiba zilikuwa fupi, wahudumu walifika kwa wakati, na wakuu wake walipendezwa na programu jinsi ilivyokuwa nyepesi. Wasingependa iguswe.

"Na wakati wote huo," alisema, "hakuna aliyelalamika."

"Mimi nalalamika," alisema Champa kutoka kando ya mashine ya fotokopi.

Leena aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti chake, akamshika mkono. Alimweleza taratibu, bila dharau yoyote, kwamba malalamiko hupokelewa kwa simu, kwamba kampuni huyachukulia kwa uzito mkubwa, na kwamba mtu akipiga huulizwa jina ili atafutwe kwenye mfumo. Champa aliuliza kama jina lake limo kwenye mfumo. Leena alisema kwa sasa halimo. Asiyekuwepo na lake halipo, Champa alisema, na Leena akakubali kwamba ndivyo.

Reine alikasirika. Alisema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Wapo. Wako hapa wanakunywa chai."

"Kwenye toleo la ukaguzi, ndiyo," Leena alisema. "Sisi tunatumia la wateja."

Alimkumbatia Champa, akaaga kila mtu, akasahau mwavuli, akarudi kuuchukua, akaaga upya.

Alkesh alitazama zulia. Kisha akamwambia Reine, safari hii akijikaza kwa Kiswahili, "Client ameamua. Ondoa tu, please." Reine alisema haondoi: kama kosa la kwanza lilikuwa la lugha, hili la pili lina akili zake timamu. Kwa hiyo Alkesh aliketi mwenyewe mbele ya kompyuta. Mbele ya kila nyanya aliweka mikwaju miwili (//), alama inayoiambia kompaila iusome mstari ule kama hadithi tu. Kwa kuwa amelelewa vizuri, alisema samahani kwa kila jina, na kila mwenye jina akajibu si kitu, mwanangu.

Toleo la wateja likaenda mjini. Linasifiwa mpaka leo. Ni jepesi, halikwami, na babu Aristide anapata kahawa yake jinsi anavyoitaka.

Reine hakuacha kazi. Alifikiria kuiacha, akaona kwamba akiondoka hakutakuwa na wa kuendesha toleo la ukaguzi. Siku hizi hulifungua kila asubuhi kabla hata ya kuwasha birika. Wanakuja na mikoba yao, wanakaa, na Reine anasimama katikati ya ofisi anawaita mmoja mmoja kwa jina, Nyanya Champa, Nyanya Ummukulthum, na wengine wote, nao wanaitikia. Anapiga magoti kando ya mashine ya fotokopi, anamvalisha Champa soksi, mguu wa kushoto kwanza, kama Mzee Mahendra alivyoandika. Jioni hulifunga, nao hujikuta majumbani mwao. Alkesh amenunua viti vya kweli na ameongeza kumbukumbu, na wateja wengine wakija huwaambia kwamba hao ni idara ya ukaguzi. Ofisi haijawahi kuwa na makosa machache hivi, wala chakula kingi hivi.

Shida ni wikiendi tu. Ijumaa jioni mwenye duka la sari huzima umeme wa jengo zima kwa sababu za usalama. Reine alijaribu kuliendesha toleo la ukaguzi nyumbani kwenye kompyuta yake ndogo, lakini kumbukumbu yake ni haba, ikaja mikoba peke yake. Ilikaa sebuleni mpaka Euphrasie akaomba izimwe, kwa sababu si adabu kuwa na mikoba ya watu wasiokuwepo.

Ijumaa moja, kabla ya kuzima, Reine alimwambia Champa kwamba kesho atapanda treni aje Kilburn mwenyewe. Champa alikuwa akifunga vifungo vya sweta. Aliwatazama wenzake, waliokuwa wakitafuta miwani, na wakifungiana chapati kwenye karatasi ya foili.

"Halafu uende kwa nani tena? Na nani abaki?" alisema. "Hapana. Pumzika, mtoto wangu. Umefanya kazi."

Akainyoosha miguu mbele yake, akazivuta soksi vizuri mpaka zikakaza chini ya magoti, akazipigapiga kwa viganja.

"Hizi siwezi kuvaa, lakini kutovua naweza," alisema. "Nitalala nazo hadi Jumatatu. Bonyeza sasa, tusimcheleweshe mwenye umeme."

Reine alibonyeza. Kisha akavipanga viti.